Kunyoosha nywele za asili kwa pasi bila kuziunguza: mwongozo kamili kwa anayefanyia nyumbani Dar

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Mmoja amepiga pasi asubuhi, kapanda daladala Tabata, kufika Posta nywele zimeshavimba. Mwingine zilimnyooka vizuri sana, lakini alipoziosha baada ya wiki mbili, za mbele ziligoma kujikunja, zikabaki zimelala kama nyuzi za katani. Wote wanaamini tatizo ni pasi. Wa kwanza anataka yenye moto zaidi, wa pili ameapa hataigusa tena.

Nimekuwa nikiwanyoosha nywele ndugu na majirani kwa miaka mingi, na ninachokiona ni kwamba pasi inalaumiwa kwa kazi ambayo haikufanyika kabla yake. Nywele zinanyooka kwenye kuosha na kwenye draya. Pasi inakuja mwisho kulainisha tu, mara moja kwa kila fungu. Ukiiachia pasi kazi yote utaipitisha palepale mara tano, na hiyo mara ya tano ndiyo inayounguza.

Kabla ya vifaa, elewa jambo moja. Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini, na umbo lake linashikiliwa na vifungo. Vile vya haidrojeni ni dhaifu: maji yanavifungua, joto linavifungua, na vikipoa huku unywele umenyooka vinajifunga hivyohivyo. Ndiyo maana unyevu kidogo tu unazirudisha. Vingine ni vya salfa, vigumu zaidi, na hivyo ndivyo vinavyovunjwa na dawa ya kunyooshea nywele. Pasi yenye moto wa kiasi inagusa vile vya kwanza tu. Pasi kali inaharibu keratini yenyewe, na hapo hakuna stimingi itakayokusaidia, kwa sababu unywele ukishatoka kichwani hauna uhai wa kujitibu.

## Vitu vya kuandaa

Viweke vyote mezani kabla hujalowesha kichwa. Ukianza kutafuta kitana nywele zikiwa mbichi, zitajikunja na kukauka hivyo.

- Pasi ya nywele inayoonyesha namba za joto. Hiki ndicho kifaa ambacho sikubali kibadilishwe. Pasi yenye taa nyekundu tu haikuambii iko nyuzi ngapi. Chagua yenye vyuma vya kauri, laini, visivyo na mikwaruzo. Kama ni ya mtumba au umeletewa na ndugu kutoka Marekani, soma maandishi kwenye plagi au kwenye mpini wa pasi: lazima iseme 220-240V au 100-240V. Umeme wetu ni volti 230. Pasi ya volti 120 pekee ukiichomeka hapa itapata moto kupita kiasi, au itaungua palepale ikiwa mkononi mwako.
- Draya ya mkono yenye chanuo lake la kuchomeka mbele, na kitufe cha hewa baridi.
- Shampuu inayosafisha kwa kina, ile inayotoa mabaki ya mafuta na jeli. Shampuu laini ya kila wiki haitoshi kwa leo.
- Kondishna nzito ya stimingi.
- Kinga joto, ya sprei au ya krimu. Soma orodha ya viambato na utafute majina yanayoishia na *-cone*, kama dimethicone. Hizo ni silikoni. Zinafunika unywele na kulisambaza joto taratibu. Mafuta ya nazi si kinga joto, hata kama bibi yako aliyatumia. Maduka ya Kariakoo yana kinga joto nyingi. Nunua yenye lebo inayosomeka na chupa iliyofungwa vizuri. Tangu 2019 usajili wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo unaweza kuuliza kama imesajiliwa.
- Chanuo la meno mapana, kitana cha mkia chenye meno ya karibu, vibanio visivyopungua 8, na fulana kuukuu ya pamba ya kukaushia.
- Skafu ya satini ya kulalia.
- Uniti za kutosha kwenye LUKU. Draya ya wati 1800 ikiwaka nusu saa inakula karibu uniti 0.9. Pasi inakula kidogo kuliko hapo, lakini uniti zikiisha katikati ya kichwa utajuta.

Draya usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji na feni. Ichomeke ukutani, mbali na ndoo za maji.

## Nani asipige pasi kwa sasa

Kama umetoka kublichi, kama ulikuwa na dawa na sasa unaotesha za asili, au kama nywele zinakatika ukizigusa tu, ahirisha. Pale nywele ya asili inapokutana na ile yenye dawa ndipo dhaifu kuliko pote.

Watoto nao niwaombee. Najua Idi na Krismasi zinafika, na mtoto anataka nywele zilale kama za mwanasesere. Ngozi ya kichwa chake ni laini na hawezi kutulia. Mfunge mabutu ya uzi usiku, asubuhi ufumue. Zitanyooka vya kutosha bila moto wowote.

## Chagua siku

Dar ni pwani. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, ila kuna nafuu ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo nywele zilizopigwa pasi vizuri hukaa wiki moja hadi mbili. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hesabu siku chache tu. Kama una sherehe Aprili, piga pasi siku moja kabla, siyo wiki nzima.

Usifanye siku unayopika shughulini, wala siku ya kwenda Coco Beach. Jasho na upepo wa bahari vitakuzidi nguvu hata ungefanya kila kitu sawasawa.

## Hatua ya 1: Jaribu kishungi kimoja, siku moja kabla

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo ingewaokoa wengi.

Chukua kishungi kidogo cha nyuma ya shingo, mahali pasipoonekana. Kioshe, kikaushe, kipake kinga joto, kipitishe pasi mara moja kwa nyuzi 160 za Selsiasi. Kisha kiloweshe kwa maji na usubiri dakika kumi.

Kikijikunja kama wenzake, nywele zako zinalimudu joto hilo. Kikirudi nusu, au ncha ikabaki imenyooka, shuka nyuzi 10 na ujaribu kishungi kingine. Kikigoma hata kwa 140, nywele zako zimechoka na zinahitaji miezi ya kupumzika, siyo pasi.

## Hatua ya 2: Fumua na kuosha

Kama umetoka kwenye rasta au twende kilioni, usifumue na kupiga pasi siku hiyohiyo. Nywele zilizokufa zimenasa humo, kuna uchafu pale mizizi ilipofungwa, na kichwa kimevutwa kwa wiki nyingi. Fumua leo, chana taratibu, toa zilizokwishang'oka, pasi iwe siku ya tatu.

Gawa kichwa mafungu manne. Osha fungu kwa fungu, shampuu mara mbili. Ya kwanza inatoa mafuta na vumbi, ya pili ndiyo inayosafisha unywele wenyewe. Mafuta ya mgando na jeli vikibaki, pasi itavipika juu ya unywele, na utaona vyuma vyake vinaacha utando wa kahawia. Huo utando hauishii kwenye pasi tu, umeganda na kwenye nywele zako.

Sasa suala la maji. Mitaa mingi tunatumia visima, na maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Utayajua: shampuu haitoi povu, na nywele zikikauka zinakuwa ngumu kama ufagio. Ile chumvi ikibaki kwenye unywele unakuwa mkavu na haung'ai, utapitisha pasi mara nyingi ukidhani haijashika. Weka ndoo moja ya maji ya bomba ya DAWASA, au ya mvua kama umekinga, kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Ndoo moja inatosha.

Ukifanikiwa, unywele mbichi ukiuvuta kati ya vidole viwili unatoa mlio mdogo wa kukwaruza, na hauachi utelezi.

## Hatua ya 3: Stimingi

Paka kondishna nzito kuanzia ncha kupanda juu, kwa sababu ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote. Nywele za sentimita 25 zina ncha yenye umri wa miaka miwili hivi. Imeshapitia jua, vitana na mito ya pamba.

Chana kwa chanuo pana, ukianzia chini. Vaa kofia ya nailoni, kaa dakika 20 hadi 30. Kama huna mashine ya stimingi, taulo lililoloweshwa maji ya moto na kukamuliwa linatosha.

Suuza hadi maji yatoke meupe. Kondishna ya kusuuza ikibaki inageuka mvuke chini ya pasi. Kausha kwa fulana, ukikamua kwa kubana. Taulo likisuguliwa linapandisha magamba ya unywele, na leo tunataka yalale.

## Hatua ya 4: Kinga joto

Nywele zikiwa mbichi lakini hazidondoki maji, gawa mafungu manane, kila moja lisokote butu na kulibana. Fumua butu moja, pulizia au paka kinga joto kiasi cha kufunika kuanzia mizizi hadi ncha, chana ili isambae, kisha ndiyo uende kwenye draya. Mengine yasubiri yakiwa yamesokotwa.

Kinga joto inapunguza madhara, haiyaondoi. Aliyekuambia ukipaka unaweza kupiga nyuzi 230 amekudanganya.

Usiongeze mafuta juu yake. Mafuta yakiwa mengi yanapata moto, na yakichuruzika hadi ngozi ya kichwa utaungua.

## Hatua ya 5: Draya, hapa ndipo kazi ilipo

Kama utaisoma hatua moja tu kwa makini, iwe hii.

Magamba ya unywele yamepangana kama makuti kwenye paa, yote yakielekea chini. Upepo ukitoka juu kwenda chini, makuti yanalala. Ukitoka chini, yananyanyuka yote na nyumba inavuja. Kwa hiyo mdomo wa draya daima uelekee ncha, kamwe usielekee mizizi.

Weka moto wa kati. Shika ncha ya fungu kwa mkono mmoja, vuta kwa nguvu ya wastani mpaka unywele ukae sawa kama uzi wa kushonea. Usivute mpaka ngozi ya kichwa inyanyuke. Pitisha draya juu yake bila chanuo kwa dakika mbili tatu, mpaka maji mengi yaishe.

Hapo ndipo uchomeke chanuo la draya. Anza kuchana ncha, sentimita tano za mwisho. Panda kidogo, shuka. Panda tena, shuka. Ukifika mizizi, unapita kutoka juu hadi chini kwa mkupuo mmoja bila kukwama. Ukianzia mizizi fundo lililoko katikati litasukumwa hadi ncha, na chanuo litalikata. Ule mlio wa *tak-tak-tak* unaousikia ni nywele zako zinazokatika.

Malizia kila fungu kwa hewa baridi, nusu dakika, huku bado umelivuta. Wengi wanaona hii ni kupoteza muda. Kumbuka vile vifungo: vinajifunga vinapopoa. Ukiliachia fungu likiwa la moto litajikunja kabla halijapoa, na kazi yote imerudi nyuma.

Fungu likikaa sawa, lisokote kwa ulegevu na ulibane, uende lingine. Kichwa chenye nywele nyingi kinakula saa moja. Kaa kwenye stuli, weka feni ikupulizie wewe na siyo nywele, na usiharakishe.

Umeme ukikatika katikati: usiache nywele zikakauka zenyewe. Mafungu yaliyobaki yasuke mabutu marefu yaliyovutwa, au yafunge kwa uzi kuanzia mizizi, yakauke yakiwa yamenyooka. Umeme ukirudi utafumua na kumalizia kwa draya kidogo.

Ukifanikiwa: nywele zimefika karibu urefu wake wote, zimejaa, zinapepea. Bado hazilali, na hazitakiwi kulala. Ukiachia fungu likaruka juu zaidi ya robo ya urefu wake, hujamaliza.

## Hatua ya 6: Hakikisha zimekauka kabisa

Fumua kila fungu, liguse kwenye mdomo wa juu, chini ya pua. Vidole vinadanganya, mdomo haudanganyi. Unywele mbichi unaonekana wa baridi. Angalia hasa mizizi ya kisogoni.

Nina sababu ya kusisitiza. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda saluni moja siku ya Jumamosi, foleni ndefu, msusi ana haraka. Alinipiga draya dakika kumi, akashika pasi. Nikasikia *chwaaa*, kama andazi likitumbukizwa kwenye mafuta. Nikauliza, nikaambiwa ni mvuke tu, dada, usiogope. Ulikuwa mvuke kweli. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, na pasi ilikuwa mara mbili ya hapo. Maji yaliyomo ndani ya unywele yakichemka ghafla yanatafuta pa kutokea, na yanatoboa. Unywele unabaki na vipovu ndani yake, kama mkate, na hukatikia hapohapo kwenye kipovu. Za mbele zangu ziliendelea kukatika mwezi mzima baadaye, vipande vya sentimita mbili mbili kwenye sinki.

Kwa hiyo sikio lako ni kifaa. Pasi ikilia, iondoe, rudi kwenye draya.

## Hatua ya 7: Pasi

Joto. Nywele nyembamba au zenye rangi: nyuzi 140 hadi 155. Za kawaida: 160 hadi 170. Nzito, ngumu, za kipilipili kilichojikunja sana: hadi 185. Mimi sivuki hapo, na kuanzia 200 keratini iko hatarini hata kwa kupitisha mara moja. Chunga kipimo: pasi nyingi zinaandika kwa Fahrenheiti. Ukiona 450, hizo ni nyuzi 232 za Selsiasi. Ukiona 350, ni kama 177, na hapo panatosha.

Ukubwa wa fungu. Upana wa sentimita tatu, wembamba kiasi kwamba ukilinyanyua mbele ya dirisha unaona mwanga kupitia. Fungu nene linapata moto nje huku ndani halijaguswa, basi unarudia, na zile za nje ndizo zinazoungua.

Mwendo. Anzia kisogoni, chini kabisa, upande kuelekea utosini. Chana fungu kwa kitana. Kisha weka kitana kwenye mizizi, pasi nyuma yake, kitana kitangulie na pasi ifuate hadi ncha, vyote kwa mwendo mmoja. Kitana kinazinyoosha nywele sekunde ile ile kabla chuma hakijazigusa. Acha nusu sentimita kutoka kwenye ngozi ya kichwa. Usisimame njiani, maana ukisimama unaacha alama ya mkunjo na unazipika pale. Kwa nywele za sentimita 20, mwendo uwe kama sekunde tano.

Mara ngapi. Mara moja. Ikibidi sana, mbili. Ukihitaji ya tatu usipandishe moto. Fungu lako ni nene au draya haikumaliza kazi.

Nywele changa za kwenye paji la uso na masikioni zipigwe mwisho, kwa joto la chini kuliko lote, au ziachwe. Skafu ikifungwa dakika 15 inazilaza bila pasi.

Wiki moja kabla ya *send-off* ya rafiki yake, binti wa dada yangu alinijia na pasi yake mpya. Nilimwacha aanze mwenyewe, nikaingia jikoni. Hata sijageuza chapati nikaisikia harufu, ile ya kuku aliyenyonyolewa anayebabuliwa juu ya moto.

"Mamdogo, hii harufu ni ya kawaida?"

"Zima kwanza. Umeweka ngapi?"

"Mia mbili na thelathini. Ndiyo ilikuja hivyo."

Manyoya ya kuku na nywele zetu ni keratini. Vikiungua vinanuka hivyohivyo. Mvuke mwepesi wa kinga joto una harufu ya manukato na unapotea haraka. Moshi wenye harufu ya manyoya ni unywele unaungua, hauna maelezo mengine. Na baadhi ya pasi zikiwashwa zinaanzia kwenye joto la juu kabisa, hivyo angalia namba kila unapoiwasha, hata kama jana uliishusha.

Ukifanikiwa: fungu linaanguka lenyewe kama kitambaa, linateleza kwenye vidole, na bado lina ujazo kidogo. Nywele zilizolala bapa kabisa, nyembamba kama karatasi, zimepigwa moto kupita kiasi hata kama zinapendeza kwa macho.

Chanuo la moto la jikoni, lile la kuwekwa juu ya mkaa, linanyoosha kweli, lakini halina kipimo. Mkaa uliokolea unavuka nyuzi zote nilizotaja. Sikushauri.

## Hatua ya 8: Acha zipoe

Robo saa bila kuzibana, bila kofia, bila mtandio. Ukifunika nywele za moto, jasho la kichwa linafanya mvuke ndani na mizizi inarudi kabla hujatoka mlangoni. Anayevaa hijabu afunge kwanza kitambaa chembamba cha satini chini, mtandio wa pamba uje juu.

Mwisho paka tone moja la mafuta mepesi viganjani, pitisha kwenye ncha tu.

## Ukiungua ngozi

Sikio na shingo ndivyo vinavyoungua zaidi. Weka chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta. Vinashikilia joto na kuingiza uchafu. Malengelenge yasipasuliwe. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja, au liko karibu na jicho, nenda kituo cha afya.

## Kuzitunza mpaka siku ya kuosha

Usiku zizungushie kichwani, upande mmoja, kama unazunguka kilemba, kisha funga skafu ya satini. Asubuhi fungua na uchane kwa vidole. Bafuni vaa kofia ya nailoni, hata kama huogi kichwa, kwa sababu mvuke unatosha kuzirudisha. Kwenye bodaboda, skafu chini ya helmeti.

Zikivimba siku ya nne, usirudie pasi. Zimeshapata jasho na chumvi yake, na sasa hazina kinga joto. Zibane nyuma, au zisuke mabutu mawili uvae kwa mawimbi. Kupasha pasi kila asubuhi kabla ya kazi kunaharibu nywele nyingi kuliko ile siku kubwa ya kunyoosha. Mara tatu au nne kwa mwaka, mimi naona zinatosha.

## Ukiambiwa "tukuwekee keratini zikae miezi mitatu"

Hiyo ni kazi nyingine kabisa, haihusiani na mwongozo huu, ila naulizwa kila wiki. Baadhi ya dawa hizo zina fomaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo fomalini mnayoijua ya kuhifadhia maiti. Pasi ikipita juu yake inageuka hewa, na mnaivuta wewe na msusi wako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Macho yakianza kuwasha na koo kukereketa, toka nje. Na umwambie dada anayekuhudumia, kwa sababu yeye anaivuta kila siku.

## Hatua ya 9: Ziosheni, mzitazame zikirudi

Wengi wakishaosha wanasuka haraka bila kuangalia. Osha kwa shampuu ya kina, suuza, kisha usiguse kitu. Kaa mbele ya kioo dakika kumi, nywele zikiwa mbichi, na uzitazame zinavyojikunja.

Zikirudi zote, andika mahali joto ulilotumia. Hilo ndilo lako. Zikirudi kwa uvivu, zikiwa laini zaidi ya kawaida, fanya tritimenti yenye protini na upumzishe pasi miezi minne.

Zile zisizorudi kabisa zitafute moja moja. Zimekuwa na keratini iliyoungua na zitaendelea kupasuka kuelekea juu ukiziacha. Zikate zikiwa mbichi, kwa mkasi mkali wa nywele, usiwe wa karatasi, sentimita moja juu ya pale mkunjo unapoishia. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo unaweza kuhesabu lini zitafikia wenzake. Za binti wa dada yangu zilikuwa vishungi viwili vya upande wa kushoto, juu ya sikio. Tulikata sentimita nne. Ilikuwa Juni, na tukapanga pasi nyingine baada ya Oktoba, kwa nyuzi 165.